Wifi Wawili na Pikapu ya Eroni

Mtu wa Rakiraki, mji mdogo wa Fiji, alipokwambia upeleke gari kwa Bisun, alimaanisha kwa Dhanwanti. Bisun alikuwa na jina, na kiti cha mbao mlangoni, na heshima ya miaka arobaini. Masikio yalikuwa ya binti yake.

Baba alimfundisha mwenyewe, tangu msichana ana miaka kumi na miwili. Alimpa bisibisi ndefu, akamwambia aweke ncha yake juu ya injini na mpini wake sikioni, kisha amweleze anachosikia. Mwanzoni Dhanwanti alisikia kelele tu. Baada ya mwaka mmoja alisikia vavu. Baada ya miwili akajua kutofautisha beringi inayolia na mkanda unaolia, na wenye malori ya miwa wakaanza kuzoea kumwona msichana wa misuko miwili ya nywele akiinama juu ya injini zao na kufumba macho.

Alipofika ishirini na mbili aliolewa mji wa Ba. Mume alikuwa mtu wa ahadi. Mwaka wa nne akaenda Auckland kutafuta kazi, akasema atamwita. Hakumwita. Dhanwanti alisubiri miezi kumi na nane kwa mama mkwe wake, akichambua mchele na kusikiliza wanawake wakishusha sauti kila akipita, kisha akafunga sanduku lake akarudi kwao. Baba hakumuuliza neno. Alimwonyesha trekta lililokuwa wazi uani, akasema, "Hilo gia ya tatu haiingii." Dhanwanti akavaa ovaroli. Hiyo ndiyo iliyokuwa pole yake, na yeye aliielewa.

Miaka ikaenda. Mama akafariki. Baba naye, kwa kukaa miaka mingi katikati ya injini, masikio yakamfa, la kushoto kabisa, la kulia nusu. Alianza kusikiliza magari kwa kuweka kiganja juu ya bodi, kama mtu anayempima mgonjwa homa, kisha akimtazama Dhanwanti usoni ampe jibu. Kwa hiyo gereji ikawa yake, ingawa hakuna aliyelisema hilo kwa mdomo, baba yake wala mtu mwingine. Dhanwanti alidhani hana haja ya kuambiwa.

Hayo yalikuwa kabla ya Roshika.

Roshika alikuja akiwa bibi harusi wa Narend, mdogo wake Dhanwanti, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari. Alitoka Labasa, kisiwa cha pili, mwembamba, mcheshi, mwepesi wa kucheka mpaka anashika ubavu. Alikuja na vyungu vyake, sari zake, na cheti cha ufundi wa magari alichokisomea Suva miaka miwili. Cheti hicho Dhanwanti alikisikia siku ya harusi akadhani ni maneno ya kujaza mdomo, kama wanavyosema watu bi harusi anajua kupika kumbe hajui kuwasha jiko.

Kwa miezi mitatu Roshika alikaa jikoni. Mwezi wa nne alileta chai gerejini akamkuta Dhanwanti anahangaika na taa za gari la mwalimu mkuu, akaliweka birika chini, akasema, "Dada, hebu angalia ardhi ya huo waya." Kweli, waya wa ardhi ulikuwa umeoza. Mzee Bisun alielezwa kwa sauti ya juu kilichotokea, akacheka akapiga goti lake kwa kofi.

"Mkwe wangu huyu!" alisema. "Mkwe wangu ni fundi wa umeme!"

Tangu siku hiyo ikawa kila mteja lazima aambiwe. Aliyekuja kubadilisha oili aliambiwa. Muuza samaki aliyepita na ndoo yake aliambiwa. "Njoo umwone mkwe wangu. Amesoma Suva. Mshike mkono uone, una grisi kama wa mwanamume." Na Roshika alicheka, akasema, "Baba nawe," huku akifuta mikono, na chai ikamiminwa, na viti vikavutwa.

Dhanwanti alikuwa chini ya gari. Aliwaona miguu tu. Alihesabu miaka kichwani: ishirini na sita tangu apewe bisibisi ile. Katika miaka yote hiyo hakuna muuza samaki aliyeitwa kuja kumwona yeye.

Wivu haukumjia kwa kishindo. Ulimwingia kama maji yanavyoingia chini ya mlango, kidogo kidogo. Alianza kuona kwamba Roshika anarudisha spana mahali pasipo pake. Kwamba anaimba akifanya kazi. Kwamba baba, akitaka kujua gari lina nini, sasa anatazama nyuso mbili badala ya moja, na uso anaoutazama kwanza si wa Dhanwanti. Wakila, baba alimwambia Roshika aongeze dali, ule mchuzi wa dengu. Dhanwanti alijiongezea mwenyewe. Alijua ni upuuzi, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minane kuhesabu vijiko vya dali, na bado alivihesabu.

Siku ya Jumatano, msimu wa kukata miwa ulipokuwa umeshika kasi, akaja Eroni.

Eroni alikuwa mtu wa kijiji cha juu milimani, mnene, mwenye sauti ya kanisani, mkulima wa yakona, ile mizizi inayosagwa ikanywewa na kila mtu wa visiwa hivi awe na furaha au msiba. Pikapu yake ya Kijapani ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini. Iliwahi kuwa ya bluu. Kila Ijumaa iliteremka na magunia ya yakona na abiria juu yake kwenda soko la mjini. Eroni na Mzee Bisun walikuwa watani wa tangu ujana, na hawakuwahi kusalimiana kama watu wengine.

"Bado hujafa, mtani?" Eroni alipiga kelele sikioni mwa mzee.

"Nangoja gari lako litangulie," Bisun akajibu. "Nyie wa milimani gari mnaliendesha kama farasi. Mnalipiga mateke mkashangaa limekuwa kiwete."

"Basi njoo umsikie farasi mwenyewe."

Aliiacha injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Ilitetemeka kama mtu mwenye malaria. Ilipanda, ikashuka, ikakaribia kuzima, ikajikokota ikapanda tena. Kioo cha pembeni kilikuwa kinacheza.

"Barabarani ni nzima," Eroni akamwambia Dhanwanti. "Nikikanyaga inaenda. Nikisimama tu ndipo inapoanza mashetani yake. Jana imenizimia mara tatu mbele ya mchungaji."

Dhanwanti akafungua boneti. Hapa ndipo alipokuwa mtu kamili, hapa hapakuwa na dali wala vijiko. Alichomoa waya za plagi moja moja, akisikiliza kila injini inapodhoofika. Zote nne ziliidhoofisha sawasawa, kwa hiyo hapakuwa na silinda iliyolala. Akazima, akatoa plagi, akazitazama: kavu, zenye weupe kuliko inavyopasa. Weupe ulimwambia injini inavuta hewa isiyo yake. Mahali fulani palikuwa na tundu. Akazirudisha plagi, akawasha, akachukua chupa ya maji yenye kichwa cha kunyunyizia, akanyunyiza pole pole kwenye maungio ya bomba la hewa, kando ya gasketi, chini ya kabureta, akingoja injini ibadilishe sauti pale maji yatakapoziba tundu. Haikubadilika. Akanyunyiza tena. Akainama mpaka nywele zikakaribia feni.

Roshika alikuwa amekuja na chai. Alisimama upande wa mlango wa dereva, kichwa kimeinama.

"Dada," alisema, "kuna kitu kinapumua huku ndani. Kama nyoka. Hebu mjomba Eroni akanyage breki nisikie."

Eroni akaingiza mguu, akakanyaga. Injini ikayumba, ikabadili sauti, ikashuka karibu izime. Akaachia, ikarudi kutetemeka kwake.

"Mnaona?" Roshika alisema. "Ni busta ya breki, lile kopo linalousaidia mguu. Ngozi ya ndani imepasuka. Injini inanyonya hewa kupitia mpira wa busta. Na breki yenyewe itakuwa imeanza kuwa nzito. Mjomba, breki si nzito?"

"Kidogo," Eroni akasema. "Nilidhani ni uzee wangu."

Mzee Bisun alitaka kujua kimesemwa nini. Roshika akamwambia sikioni. Mzee akasimama kabisa, jambo alilolifanya kwa nadra, akaweka mkono juu ya bega la mkwe wake.

"Eroni, umesikia? Yeye hata boneti hakuigusa. Amekuja na birika la chai! Fundi wangu ameinama humo nusu saa, huyu amekuja na birika!"

Eroni akacheka. Aliyepita njiani akacheka. Roshika peke yake hakucheka, alimtazama Dhanwanti, akaanza kusema, "Dada ndiye aliyekwisha pima mengine yote, mimi nime..."

"Ni kabureta," Dhanwanti akasema.

Aliyasema hayo huku anafuta mikono yake, bila kumtazama mtu. "Busta haiwezi kuleta mtikisiko mkubwa hivyo. Jeti ya kabureta imeziba. Niliwahi kuisafisha mwaka juzi, najua ilivyo. Eroni, iache mpaka saa tisa."

Yeye ndiye aliyekuwa fundi. Hakuna aliyebisha.

Saa saba wote waliingia kula. Dhanwanti akasema hana njaa. Alipobaki peke yake aliwasha pikapu, akachukua koleo, akaizungushia kitambaa ili isikate, akaubana ule mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki.

Injini ikatulia papo hapo. Mtikisiko ukaisha. Kioo cha pembeni kikaacha kucheza, na sauti ikawa moja, laini, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Angeweza kusimamisha kikombe cha chai juu ya bodi.

Alisimama hivyo muda mrefu, ameshika koleo. Kutoka jikoni alisikia sauti ya baba yake, ile sauti kubwa ya kiziwi, ikimwambia mtu ale tena.

Akaachia koleo. Injini ikarudi kuugua. Dhanwanti akachukua bisibisi, akatafuta skrubu ndogo pembeni ya kabureta, akaikaza mizunguko miwili, mafuta yakaongezeka, injini ikapanda sauti na mtikisiko ukafichika chini ya mwendo. Sikio la kawaida lingesema gari limepona. Kisha akafungua kabureta kweli, akaisafisha kweli, akairudisha, ili asiwe mwongo kabisa.

Eroni alirudi saa tisa akasikiliza, akafurahi. Aliacha fungu la magimbi kama ilivyokuwa desturi yake.

"Ilikuwa nini?" Roshika aliuliza.

"Kabureta."

Mzee Bisun akamgusa mkwe wake kidevuni. "Leo umekosa, mwanangu. Hata Suva hawajui kila kitu." Kisha akamgeukia Dhanwanti, akamtingishia kichwa mara moja kwa kumkubali.

Kile kitingisho cha kichwa Dhanwanti alikaa nacho jioni nzima. Kilikuwa kitamu kama juisi ya miwa. Alikula vizuri. Alimwambia hata Roshika kwamba mchuzi umekolea.

Utamu huo haukufika asubuhi. Alhamisi akishughulika na trekta alijikuta anaiona ile barabara ya milimani, inavyoshuka kwa kona mfululizo mpaka kijito cha chini. Akajiambia busta ikifa breki hazifi. Zinakuwa nzito tu, na Eroni ana mguu kama gogo. Akajiambia Jumatatu atamwita, atasema amekumbuka jambo, atabadilisha kimya kimya. Akajiambia mengi. Mchana alikwenda nyuma ya gereji kwenye magari mabovu, akaifungua busta nzima kutoka kwenye pikapu ya aina ile ile iliyoangukiwa na mti wakati wa tufani, akaisafisha, akaipima. Ilikuwa nzima. Roshika alimwona.

"Ya nani hiyo, Dada?"

"Ya akiba."

Ijumaa, jua lilipochomoza, aliiacha chapati yake sahanini. Aliipakia busta kwenye gari dogo la gereji pamoja na spana, akamwambia Narend anakwenda kuangalia mashine ya mtu, akashika barabara ya milimani. Alipanga kumkuta Eroni kijijini kabla hajapakia magunia. Atatafuta la kusema njiani.

Alimkuta kwenye kona ya mwisho kabla ya kijito.

Pikapu ilikuwa imelala ubavu ndani ya mtaro, pua yake imeingia kwenye ukuta wa udongo. Magunia yalikuwa yametawanyika, mawili yameshukia majini, na vijana wa kijiji walikuwa kijitoni wakiokota mizizi. Eroni alisimama barabarani, shati lina damu ya pua. Mkewe Mereseini alikuwa ameketi kwenye nyasi, mkono wake wa kushoto ameukumbatia kifuani kama mtoto, umejikunja mahali pasipokunjika. Hakulia. Alikuwa anahema tu, midomo myeupe.

"Breki ziligeuka jiwe," Eroni alisema alipomwona. Sauti yake ya kanisani ilikuwa imepungua. "Nimekanyaga kwa miguu miwili. Nikaweka gia ya kwanza, nikaona kijito, nikaona watoto wa shule wanavuka. Nikaona bora nigonge mlima."

"Watoto?"

"Wazima. Walikimbia."

Dhanwanti alikuwa ameshuka na busta mkononi. Alikuwa ameishika bila kujua, kama mtu anayetoka nyumba inayoungua amebeba sufuria. Eroni aliitazama. Akautazama uso wake. Halafu akatazama barabara ya chini, alikotokea, akawa kama mtu anayepiga hesabu.

"Nani kakupigia simu?" aliuliza. "Sisi tumegonga sasa hivi. Hata huyu hajafungwa mkono."

Dhanwanti akaitazama busta mikononi mwake.

"Hicho si ndicho alichosema yule mkwe wenu?"

"Ndicho."

"Uliujua ugonjwa."

"Niliujua," Dhanwanti akasema. "Niliujua Jumatano."

Eroni hakumtukana. Labda angemtukana ingekuwa nafuu. Aligeuka, akampandisha mkewe kwenye gari dogo la gereji pole pole, akaketi naye nyuma. Safari nzima mpaka hospitali Mereseini alisema mara moja tu, kwenye mashimo, "Taratibu, mwanangu." Neno lile "mwanangu" Dhanwanti alilisikia kwa miezi.

Alirudi nyumbani adhuhuri. Wote watatu walikuwa gerejini. Alisimama mbele ya kiti cha baba yake, na kwa kuwa baba ni kiziwi ilimlazimu aungame kwa kupiga kelele, hata jirani wa duka la vitambaa akasikia. Alisema yote: mpira, koleo, kitambaa, jinsi injini ilivyotulia, skrubu. Alisema mkono wa Mereseini umevunjika mahali pawili.

Narend alishika kichwa. Mzee Bisun aliweka viganja vyake magotini.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu yeye alisikia na mimi sikusikia. Na wewe ulifurahi, Baba. Miaka yote hii sijakuona umefurahi hivyo kwa ajili yangu."

Mzee akamtazama kama aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni.

"Wewe?" alisema. "Mtu anausifu mkono wake? Anaamka asubuhi akauambia ahsante, umenilisha? Huyu ni mtoto wa watu, amekuja nyumba ya ugenini, namsifu ili akae. Wewe nilidhani ni mimi." Kisha sauti yake ikaingia ukali. "Sasa mkono wangu umemvunja mke wa mtani wangu. Ondoka mbele yangu kwanza. Ondoka."

Dhanwanti akatoka uani. Roshika alimfuata mpaka kwenye magari mabovu. Dhanwanti alidhani anakuja kumbembeleza, akajiandaa kumkatalia. Roshika hakuja kubembeleza.

"Kwa hiyo uliubana mpira," alisema.

"Ndiyo."

"Ukasikia ikatulia."

"Ndiyo, Wifi."

"Halafu ukakaa mezani ukanisifia mchuzi." Macho yake yalikuwa makavu, yanang'aa. "Mimi usiku ule nilimwambia Narend labda kweli sijui kazi. Nilikitoa cheti changu nikakiangalia nikasema labda walinipa kwa huruma. Dada, ungenichukia tu. Ungeniambia usiguse spana zangu, ningerudi jikoni, ningenuna, yangeisha. Kumbe ulitaka nijione mjinga kwa masikio yangu mwenyewe."

"Nilitaka hivyo," Dhanwanti akasema. Hakuwa na uongo uliobaki.

"Basi leo sikusamehe. Kesho sijui. Leo, hapana." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akajipaka grisi. "Kijijini lazima uende kuomba radhi, na kwa desturi yao, si kwa maneno ya barabarani. Baba hawezi ile barabara. Nitakuendesha mimi."

Walikwenda Jumapili baada ya ibada. Dhanwanti alinunua mzigo mzima wa yakona, mizizi iliyofungwa vizuri kwa kamba, ingawa kuwapelekea yakona watu wa kijiji kile ni sawa na kupeleka samaki baharini. Haidhuru. Aliingia nyumba ya mkuu wa kijiji kwa magoti, akauweka mzigo juu ya mkeka, akainamisha kichwa, na mzee mmoja wa ukoo wa Eroni aliyemsemea akasema maneno yanayopaswa, kwamba huyu amekuja amejishusha, hana la kujitetea. Kukawa kimya. Kimya hicho ndicho kigumu, kwa kuwa mzigo usipoguswa, umekataliwa.

Mereseini alikuwa ameketi na akina mama, mkono uko kwenye plasta. Eroni alimtazama mkewe kwanza. Mereseini akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uchukueni. Mwanamke amepanda mlima."

Eroni akanyoosha mkono akaugusa mzigo, na watu wakapiga makofi ya kina, ya viganja vilivyokunjwa. Yakona ikatwangwa. Dhanwanti alipopewa kifuu chake alikunywa mpaka mwisho, mdomo ukafa ganzi, na machozi aliyoyazuia siku tatu yakashuka bila sauti. Mama mmoja mzee aliyekaa jirani akamsukuma kwa kiwiko. "Lia, lia," alisema. "Lakini usitie maji kwenye bakuli, tayari ni nyepesi." Akina mama wakacheka. Roshika, nyuma kwenye mlango, akacheka nao kabla hajakumbuka kwamba hakutaka.

Pikapu ilivutwa mpaka gerejini, na wifi wawili wakaitengeneza pamoja kwa siku tisa, wakizungumza kuhusu nati na boliti tu. Busta ilifungwa. Skrubu ikarudishwa mizunguko miwili. Ilipojaribiwa, Mzee Bisun aliweka kiganja juu ya bodi, akangoja, akasema bado inatetemeka. Kumbe injini ilikuwa imekwisha zimwa. Kilichotetemeka ni mkono wake. Waliiwasha injini tena mbele yake, akakitazama kioo cha pembeni kisichocheza, akakubali.

Mkono wa Mereseini ulipona vibaya. Hauwezi tena kukamua tui la nazi. Kila Alhamisi ya msimu wa yakona Dhanwanti hupanda mlima kwenda kusafisha na kukata mizizi badala yake, mpaka leo, na hakuna anayemwomba aende wala anayemwambia aache. Eroni alirudia utani na mzee mapema. Kwa Dhanwanti ilichukua mwaka na zaidi, na siku aliyomwita "muuaji wangu" mbele ya watu huku anacheka, Dhanwanti aliingia ndani akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akashukuru.

Mzee Bisun alifariki mwaka wa pili. Gereji aliwaachia wote wawili, binti na mkwe, kwa mdomo wake, siku za mwisho akiwa kitandani, mbele ya Narend na jirani wa duka la vitambaa. Dhanwanti alipolisikia jina la Roshika likitajwa sawa na lake, kile kitu cha zamani kilimchoma tena, mahali pale pale, chini ya mbavu. Alishangaa kukikuta kiko hai. Alidhani kimekufa na aibu yake yote. Akakiacha kichome, akaendelea kumshika baba mkono.

Hawakuwa marafiki wa kushikana viuno. Roshika anaimba mpaka sasa na spana zinapotea. Hugombana kwa wiki nzima juu ya kitu kidogo kama mafuta ya gia. Juzi alikuja mtu wa Tavua na pikapu kuukuu inayozima kila ikisimama. Dhanwanti akainama juu yake saa nzima, akahisi ni hivi, akahisi ni vile. Roshika akapita na mtoto kiunoni, akasimama, akasikiliza.

"Mkanda wa taimingi umeruka jino moja," alisema, akaendelea na safari yake kwenye kamba ya nguo.

Dhanwanti alifungua kifuniko, akatazama alama. Jino moja. Mwenye gari alikuwa amesimama pembeni amekunja mikono, akamuuliza, "Umegundua nini, fundi?"

Neno lilikuwa chungu, lilipita kooni likikwaruza. Lakini lilitoka.

"Mimi sijagundua," Dhanwanti akasema. "Wifi yangu ndiye aliyegundua. Roshika. Yule anayeanika nepi."